Siku ya 41 na Chiku

Saa 11:20 alfajiri

Baridi ya Tengeru inapenya hadi kwenye soksi. Nainua geti kidogo ninapolifungua ili bawaba zisilie, na kabla sijavuka naongea: "Chiku, ni mimi." Maneno yale yale kila alfajiri, sauti ile ile ya chini. Mbwa mwoga ukimtokea ghafla unamnyima nafasi ya kuamua ajifiche au abaki, na kwa Chiku nafasi hiyo ni kubwa kuliko chakula. Leo amebaki mlangoni mwa kibanda chake. Mkia ameufyata hadi tumboni, masikio ameyalaza, lakini hakurudi ndani. Natoa daftari naandika: siku ya 41, amebaki.

Saa 12:30 asubuhi

Kituo chetu cha kutunza mbwa kina mbwa 14 na sufuria moja kubwa. Uji wa dona na dagaa waliotwangwa, bila chumvi, bila vitunguu maana vitunguu vinawadhuru mbwa. Jiko la pili nachemsha mapupu ya ng'ombe niliyonunua buchani jana, kisha nayakatakata madogo kama punje za mahindi. Hayo ni ya Chiku, ya kazi yake ya leo.

Saa 3 asubuhi

Wenzake wameshatembezwa, mabanda yameoshwa. Sasa ni zamu yetu sisi wawili.

Chiku alikulia gereji, amefungwa mnyororo chini ya gari bovu. Mtoto wa mbwa huizoea dunia hasa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 au 14 hivi: watu, sauti, watoto, mvua juu ya bati. Siku zake hizo zilipita akiona matairi na fimbo ya ufagio. Alipoletwa hapa alikuwa anajikojolea mtu akipita tu.

Naketi kwenye nyasi, hatua tano kutoka kwake, nimempa ubavu. Simkazii macho, kwa sababu mbwa aliyepigwa huyasoma macho makavu kama fimbo iliyokwisha kuinuliwa. Narusha kipande cha pupu, nacho nakirusha nyuma yake. Wageni hunishangaa hapa, wao wangekishika mkononi na kumwita. Lakini ukimvuta kwa chakula, njaa inamleta karibu wakati roho bado iko mbali. Akishameza anajikuta amesimama pembeni ya mtu anayemwogopa, na hapo ndipo anapotimka, au anapouma. Kipande kikiangukia nyuma yake anapata chakula na anapata nafasi ya kupumua. Kurudi ni hiari yake.

Kazi yangu ni kumsoma. Anajilamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso, weupe wa jicho unatokeza pembeni: hayo yote ni maneno. Nikiyaona nasogea nyuma kidogo bila kusubiri aseme kwa sauti kubwa zaidi.

Leo amerudi mara tisa. Mara ya tisa alininusa kiwiko, nikaisikia pumzi yake ya moto. Mkono ulitamani kumshika, nikaukalia.

Saa 5 asubuhi

Ufagio. Hili ndilo zito.

Mwenzangu anasimama upande wa pili wa uwanja, kama hatua 30, anautoa ufagio nyuma ya ukuta na kuulaza chini. Chiku anauona. Papo hapo mimi namwaga mapupu. Ufagio unaondoka, mapupu yanakoma. Mara sita tu, basi tunaacha.

Daktari wetu wa mifugo ndiye aliyenirekebisha hapa. Mwanzoni nilikuwa natangulia kumpa chakula ndipo ufagio utokee, nikidhani namtuliza. Akaniambia, "Dada, unamfundisha kwamba pupu likija, ufagio unafuata. Mwisho ataogopa na pupu." Akanikumbusha mbwa wa Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904: walitokwa na mate kwa sababu ishara ilitangulia chakula. Kinachotisha kije kwanza, kizuri kifuate. Tangu nigeuze mpangilio huo, Chiku akiuona ufagio kwa mbali ananigeukia mimi. Wiki tatu zilizopita alikuwa anachimba ukuta.

Saa 7 mchana

Ugali, mchicha, na mazungumzo na mzee mlinzi. Anaamini mbwa anayenguruma achapwe. Nampa heshima yake, lakini hapa sikubaliani naye, na namwonyesha kovu kwenye kidole gumba. Mbwa aliyeniuma alikuwa amechapwa kila aliponguruma, hadi akaacha kunguruma. Hofu haikuondoka, kilichoondoka ni onyo. Aliniuma kimya kimya. Siku ile nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, nikaenda moja kwa moja hospitali kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ingawa dalili kwa mbwa hazikuwepo. Kwa ugonjwa ule ukisubiri dalili zako mwenyewe umechelewa.

Mzee alikitazama kile kidole muda mrefu. "Basi mwanangu, acha angurume tu," akasema.

Saa 9 alasiri

Familia imekuja kutafuta mbwa wa nyumbani. Baba anataka mkali. Binti yake, kama miaka tisa, ananisalimu: "Shikamoo, shangazi. Yule wa kahawia mbona anajificha?"

"Marahaba. Anaogopa watu. Unataka kumsaidia?"

Nikamkalisha mbali na uzio, ubavu ubavu, nikamwomba asome kitabu chake cha shule kwa sauti, asimwite. Akasoma somo la maji, kurasa nne. Baba yake akawa anatazama saa, baadaye akaacha. Chiku alitoka kibandani akalala chini, kidevu juu ya miguu. Waliondoka bila mbwa, ila binti ameomba waje tena Jumamosi, na baba amekubali.

Saa 10:45 jioni

Fundi wa jirani ameangusha bati. Chiku alipita kama mshale, akajibana nyuma ya tangi la maji akitetemeka mwili mzima. Sikumfuata na sikumvuta. Nilikaa chini mahali anaponiona, nikaongea maneno yetu ya alfajiri. Wapo wanaosema ukimliwaza mbwa unailea hofu yake. Sikubali. Hofu siyo ujanja wa kutafuta upendeleo. Angependa kuja kwangu angenikuta. Hakuja. Dakika 40 zimepita ndipo akatoka, na nimeandika hilo pia daftarini, kwa sababu mwezi uliopita angebaki pale hadi kesho yake. Leo hakuna ufagio tena. Kesho tutaanza mbali zaidi.

Saa 1:15 usiku

Nazunguka na tochi, natazama maji na komeo. Kwa Chiku naketi kama kawaida, kwa ubavu, dakika chache kabla ya kwenda. Mapupu yamekwisha, na mikono yangu ameshainusa akajua ni mitupu. Amezunguka mara mbili juu ya gunia lake, akajilaza akanipa mgongo, kichwa kikielekea ukutani. Baadaye kidogo nikasikia anakoroma.

Bodaboda wangu ananingoja barabarani, amepiga simu mara mbili. Nimemwandikia ujumbe anivumilie dakika tano.