Namba ya mahudhurio ilivyoniokoa kwenye hisabati ya WhatsApp

Shule zilipofungwa Tanzania Machi 2020, mimi na kidato cha pili tulikuwa katikati ya milinganyo ya kipeo cha pili. Darasani walikuwa 52. Kwenye kundi la WhatsApp niliwapata 34, wengi kwa simu za wazazi, na simu hizo hushinda sokoni au kwenye bodaboda. Zilikuwa zinarudi nyumbani saa mbili usiku, basi saa mbili ndiyo ikawa kengele yetu.

Nilianza na video. Nililaza rula ya ubaoni juu ya ndoo mbili, nikaegesha simu hapo, nikaandika kwenye karatasi chini yake. Video ya dakika kumi ilikomba bando langu, na la kwao halikutosha kuifungua. Nikahamia kwenye picha ya karatasi na sauti fupi kwa kila hatua. Kwenye sauti nilijikuta nafundisha Kiswahili kitupu, ingawa hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Sijutii.

Majibu yakaja, yote sahihi. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nikaona watoto 11 wamesahau alama ya kutoa mstari wa tatu, na kwa wote 11 imerudi yenyewe mstari wa nne! Darasani ningepita kati ya madawati nikaona nani anamchungulia nani. Kwenye simu unapitaje?

Usiku huo nikatunga swali moja tu: x² + 2nx − 1 = 0, tafuta x kwa njia ya kukamilisha mraba; mahali pa n kila mtu aweke namba yake ya mahudhurio. Kusahihisha hakukunisumbua, maana jibu la kila mmoja lazima liwe −n ± √(n² + 1).

Namba 31 akaniletea √26. Hiyo ni ya namba 5. Sikumsema kundini, nilimtumia sauti peke yake: "Mwanangu, wewe ni wa ngapi kwenye daftari?" Kimya.

Nikalala. Alfajiri nikakuta picha imeingia saa tisa usiku, karatasi imefutwa hadi imetoboka, 31 mara 31 imepigwa pembeni kwa mkono, na chini kabisa √962. Ameandika: "Shikamoo mwalimu. Samahani, namba yangu ni kubwa."