Kivumbasi na mchaichai kwa ajili ya mbu

Mtaa wa mawe kama yetu ya Mwanza haukupi udongo, hivyo panda kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyooza moja, mchanga moja.

Mchaichai nunua sokoni, ila chagua bua lenye kitako kizima. Lililokatwa juu ya kitako halioti. Liweke kwenye maji hadi mizizi ifike sentimita tano, kisha panda. Mbegu za kivumbasi usizifukie, zikandamize tu juu ya udongo. Kikianza kutoa maua, kata ncha, la sivyo majani yanapungua.

Sahani chini ya ndoo? Toa. Maji yakituama humo kama siku kumi, umefuga mbu mwenyewe.

Na mmea uliokaa tu dirishani hautoshi kukukinga. Mafuta yake hutoka jani likipondwa au likipata joto: jioni, weka konzi ya kivumbasi kibichi juu ya makaa yanayofifia, barazani, si chumba kilichofungwa. Harufu ikiisha, kinga imeisha. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, kwa hiyo chandarua kibaki palepale.