Ninavyochagua kati ya "to" na "in order to"

Ninapohariri Kiingereza, naanza na virai virefu vya kusudi: "in order to", "so as to", "for the purpose of". Navitafuta kimoja kimoja kwenye kompyuta, naweka "to" mahali pake, kisha naisoma sentensi yote kwa sauti. Mara nyingi hakipotei kitu. "We met for the purpose of discussing the budget" inakuwa "We met to discuss the budget". Maneno matano yamekuwa mawili. Usisahau kubadili kitenzi, maana "to discussing" haipo. Ila "with a view to" ni kinyume chake: ile "to" ni kihusishi, hivyo huandikwa "with a view to buying".

Sifuti kwa pupa, kwani "to" tupu huweza kupindisha maana. Chukua "We asked the driver to save time". Msomaji ataelewa kwamba dereva ndiye aliyeombwa aokoe muda. Kama waliouliza ndio waliotaka kuokoa muda wao, "in order to save time" inastahili kubaki. Mimi hupendelea kulitanguliza kusudi: "To save time, we asked the driver". Utata umeisha, na hakuna neno lililoongezeka. Hatari hii iko hasa baada ya vitenzi kama "ask", "tell" na "want", ambavyo tayari huvuta "to" yao.

Kwenye ukanushi, kirai kirefu hushinda. "She whispered not to wake the baby" inachechemea. Andika "so as not to wake the baby". Lakini "Be careful not to fall" ni sahihi, kwa kuwa pale "not to" inakamilisha "careful" tu, haielezi kusudi.

Sisi Waswahili hukwama zaidi kwenye "ili", maana inabeba kila kitu. "Nimeacha ufunguo ili uingie" ina watendaji wawili, basi "to enter" peke yake itaonyesha kwamba mwenye kuacha ndiye anayeingia. Hapo natumia "so that": "I left the key so that you could enter". Na "I came for seeing you" nafuta bila huruma: "for" yenye "-ing" hueleza kazi ya kitu, kama "a knife for cutting rope", si nia ya mtu.