Basi la Mama

Niwatoe wasiwasi kwanza: mamangu hajanunua basi. Ni lile neno tu, basi, alilolitamka Jumanne baada ya alasiri akiwa na uteo mapajani, na leo ni Jumamosi usiku ningali nikiligeuza mdomoni kama mbegu ya mabuyu. Na mabuyu nimekatazwa.

Hadithi ya bati mnaijua. Wale mlioanza kunisoma tangu nikikaa Tudor, hapa Mombasa, mnaijua kuliko kaka yangu, maana yeye mwaka 1997 alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka 12. Madaktari wa meno walipita shuleni, nikarudi nyumbani na karatasi inayosema meno yangu ya juu yametangulia mno, nipelekwe nikatiwe waya. Mama akaanza kuweka senti zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Ikaja El Niño, paa la upande wa jikoni likaondoka na maji, na kopo likageuka bati. Tangu siku hizo, kila nikipigwa picha nikicheka, Mama huitazama picha, kisha hutazama juu.

Basi (ona, nami nishaanza) taya langu la kushoto lilipoanza kuniuma mwezi wa pili, mshtakiwa alikuwa tayari. Nikiuma hamri, ka! Nikipiga miayo, ka! Asubuhi naamka shavu zito kama niliyelala nikibishana na mtu. "Ni lile bati," Mama husema, na huondoka kwenda kutafuta kitu jikoni ambacho hakipo.

Yule daktari wa kwanza niliwaandikia habari zake. Alinitazama dakika tano, akasema meno hayakutani sawasawa, kwa hivyo atayasugua manne mpaka yakutane, na maumivu yatakwisha. Nilikaribia kukubali. Kilichoniokoa si akili, ni kwamba siku ile kontena la mteja lilikwama bandarini na bosi akanipigia simu nirudi ofisini kabla dimareji, ile faini ya kuchelewesha kontena, haijaanza kuhesabiwa.

Huyu wa Jumanne ni mwingine. Mzee, mpole, anazungumza kama mwalimu wa chuo aliyeacha bakora. Hakuanza na meno. Alinitia vidole mbele ya masikio yote mawili akaniambia nifungue, nifunge, nipeleke kidevu kushoto, kulia. Akaniambia nitie vidole vyangu vitatu mdomoni nimevisimamisha. Viliingia viwili na nusu. Akabonyeza shavu, hapa penye msuli unaotuna ukikaza meno, nikaruka kitini.

"Ehee," akasema.

Kisha akanieleza, na nilipenda alivyoeleza. Hapo mbele ya sikio, kichwa cha mfupa wa taya kimekaa kwenye kijishimo cha fuvu, na katikati yake pana kisahani cha gegedu. Mimi nilikiona palepale: ni kata, ile ya kuweka kichwani kabla ya kujitwisha mtungi. Kwangu kata imeteleza mbele kidogo. Nikifungua mdomo, mtungi unairukia kata yake, ndiyo ile ka! Akasema mlio peke yake, pasipo maumivu na pasipo taya kukwama, hata hautibiwi, watu wengi wanao na wanaendelea na maisha yao. Maumivu yangu mengi yako kwenye misuli.

Hapo nikamkatiza. "Daktari, si haya meno?"

Akayatazama sasa, kwa adabu tu. Akasema ni daraja la pili, ndivyo alivyoyapanga Mmarekani mmoja, Edward Angle, mwaka 1899: la pili ni la wale ambao meno ya chini yamebaki nyuma ya yale ya juu. Nikacheka. Mtihani pekee niliofaulu pasipo kusoma. Yeye hakucheka. Akasema wenye meno kama yangu wasiowahi kuumwa taya ni wengi mno, na wenye meno yaliyopangika kama vigae wanaokuja kwake wakishika mashavu ni wengi vilevile. Waya zinanyoosha meno. Hazina ahadi ya kuponya taya, wala si zinazoliharibu. Hakusema meno hayana neno kabisa. Jino likizibwa likaachwa juu kuliko wenzake, taya litalalamika, na dawa yake ni kulisawazisha hilo moja. (Langu nililozibwa Machi alilipima kwa ile karatasi ya rangi, halina kosa.) Tena mara nyingine mambo huenda kinyume, kiungo kikivimba au msuli ukikakamaa, meno huacha kukutana kama zamani, na mtu akaapa kwamba meno ndiyo yaliyoanza. Lakini kusugua meno mazima ili kutibu maumivu, hapana. "Jino likishasuguliwa halirudi," akasema. "Anza na yale ambayo ukiyaacha, unarudi ulipokuwa."

Na hayo ndiyo aliyonipa: kitambaa cha maji moto shavuni, vyakula laini, nisitafune korosho, mihogo mikavu, chingamu wala mabuyu, miayo niishike kwa kiganja chini ya kidevu, na mchana midomo ifungwe lakini meno yaachane. Meno hayana ruhusa ya kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Mnaosoma haya, meno yenu yako wapi sasa hivi? Mimi ofisini nimebandika kikaratasi chekundu pembeni mwa kompyuta, kila nikikiona naachia taya. Jumatano peke yake nilijikamata mara sijui ngapi, zote nikisubiri entri ya forodha ikubaliwe. Na usiku nitavaa kinga ya plastiki, anatengenezewa mtu kwa kipimo cha meno yake mwenyewe.

Maana swali lake la mwisho lilikuwa, "Unalala na nani?"

Nikamwambia nalala na binti yangu, baba yake yuko Doha. Akasema nikamuulize mtoto.

Sikuhitaji kumuuliza mara mbili. "Wewe, Mama, usiku watafuna barafu," akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Miaka tisa hii ananisikia, akidhani ndivyo mama wote wanavyolala.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilitoka kwa daktari nikiwa mwepesi. Nilishuka tuktuk Mwembe Tayari nikaenda kwa miguu hadi Majengo, jua kali, nami natabasamu peke yangu na meno yangu ya daraja la pili. Kwa sababu nilikuwa nimebeba zawadi. Miaka yote hiyo mamangu anajilaumu kwa bati, na mimi nimepata cheti cha kumwachilia! Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyoingia.

Nimemkuta barazani, uteo mapajani, anachagua mchele wa harusi.

"Mama," nikasema kabla ya salamu, "si bati!"

"Si bati lipi?"

"Taya. Daktari asema si meno. Hata wenye meno yaliyonyooka huumwa vivyo hivyo."

Akaacha mkono wake juu ya mchele. "Kwa hivyo hata ningekutia waya, ungeumwa."

"Huenda, Mama. Naam."

Akatoa kijiwe kimoja, akakitazama, akakitupa ndani ya beseni la maji machafu.

"Basi," akasema.

Halafu akaniuliza kama nimesali.

Hayo ndiyo yote. Na tangu Jumanne mimi nayapiga tena na tena. Ningekuwa na tarumbeta ningelipiga hilo basi kwa sauti zake zote. Pana basi ya "alhamdulillahi, mzigo umetua", hiyo ndiyo niliyoitaka, na hutamkwa kwa pumzi ndefu. Yake ilikuwa fupi. Pana basi ya "yatosha, usiniongeze". Pana basi ya kumaliza ugomvi usiomalizika, kama ile anayomwambia muuza samaki. Pana basi ya mtu aliyeulizia bei akaambiwa duka limefungwa. Kila nikiirudia naisikia tofauti, na Alhamisi asubuhi kwenye kompyuta, mbele ya kile kikaratasi chekundu, nilijikuta nimeyabana meno nikiitafuna hiyo basi yenyewe. Daktari angenicheka. Hapana, hakucheka kitu mtu yule.

Kati ya Jumanne na leo kaka yangu ameoa na bosi ametangaza kwamba nusu yetu tunahamishiwa Nairobi, lakini hayo nitayaandika siku nyingine.

Usiku wa Jumatano, kwa sababu sikulala, nilisoma. Nikakuta kwamba wa kwanza kulivumisha jambo hili la meno na taya hakuwa hata daktari wa meno. Alikuwa wa masikio, pua na koo, James Costen, wa St. Louis huko Marekani. Mwaka 1934 aliandika kuhusu wagonjwa wenye maumivu ya sikio na kelele masikioni, akasema chanzo ni magego ya nyuma yaliyong'oka, taya likifunga hufunga kupita kiasi na kukandamiza vilivyo nyuma ya kiungo. Baadaye wataalamu wa maumbile ya mwili walionyesha kwamba maumbile aliyoyaeleza hayakai vile. Lakini lile wazo la kwamba meno ndiyo mkosaji halikuondoka. Kwa miaka na miaka watu walisuguliwa meno, wakatiwa waya, wakajengewa meno mapya, na tafiti zilipokuja kupima zikakuta uhusiano ni hafifu mno kuliko ulivyosemwa. Nilifurahi sana usiku ule. Nikasema kumbe si Mama peke yake. Madaktari wazima na miwani yao walikuwa na bati lao.

Nikapanga nimweleze Mama hilo. Nashukuru sikumweleza.

Kwa sababu Alhamisi usiku, baada ya nikahi, tumekaa kwenye mkeka na wanawake wote wa kwetu, sinia la pilau katikati, nami nachagua wali tu naiacha nyama. Halati, dada yake Mama, akaniona nimeshika shavu. Halati haachi kitu kipite.

"Bado taya? Masikini. Ni yale meno, mwanangu."

Nikamgeukia Mama. Nilimwachia uwanja kabisa, nikijua sasa atasema, tena kwa fahari, daktari kasema si meno. Hata midomo nilishaitayarisha kwa tabasamu.

Mama akasukuma kipande cha ndizi upande wangu wa sinia. "Ni yale meno," akasema. "Tungeyanyoosha angali mdogo. Ni lile bati."

Halati akatikisa kichwa. Wanawake wote wakatikisa vichwa. Wakaanza kusimulia El Niño, nani paa lake liliondoka, nani alilala msikitini, na Mama akasimulia kopo la maziwa kama anavyolisimulia, mpaka na rangi yake.

Nilikasirika. Nakiri. Niliila ile ndizi kwa hasira, kama ndizi inaweza kuliwa kwa hasira. Nikasema moyoni, mtu unamfungulia mlango anajifungia mwenyewe.

Usiku, binti amelala, nimekaa gizani na kitambaa changu cha moto shavuni, nikamsikia Mama upande wa pili wa ukuta hajalala. Alikuwa anatembea. Mlango ukafunguka kidogo, hakuingia. Akasimama pale, mimi nikajifanya nimelala, na nilijua kwa jinsi alivyosimama kwamba anasikiliza. Anasikiliza kama nasaga meno.

Alisimama muda mrefu. Mimi nimelala nimeachanisha meno kama nilivyofundishwa, ulimi juu, midomo imefungwa, sipumui sawasawa, ili asisikie kitu.

Bati analijua. Bati lina mwaka wake, lina bei yake, lina fundi aliyelipigilia na jina lake Mama analikumbuka. Akiondolewa bati atabaki na nini? Atabaki akijiuliza mwanawe anasaga nini usiku. Daktari aliniuliza pia, "Una mawazo?" nikamjibu nani hana, na hilo swali sikumpelekea Mama na zawadi yangu. Lakini yeye si mtoto. Anajua simu ya Doha haijalia tangu lini. Yeye ndiye anayekaa barazani akiisubiri pamoja nami, anajifanya anachagua mchele.

Kesho akisema ni bati nitasema ndiyo, Mama, ni bati.

Sasa jamani, kuna jambo linaninyima raha. Sufuria kubwa ya pilau, ile ya kilo 20, tuliyoazima kwa jirani wa nyumba ya tatu, haionekani tangu Alhamisi usiku. Ina alama ya rangi nyekundu kwenye mkono mmoja na imebonyea chini. Wapishi wanasema waliiacha uani. Vijana wanasema waliiona imepakiwa kwenye mkokoteni, na hakuna anayejua mkokoteni ulikuwa wa nani. Mwenyewe amenisalimia asubuhi hii kwa utaratibu mno, akauliza harusi ilikuwaje, hakutaja sufuria. Hilo la kutoitaja ndilo linalonitisha. Mpya sokoni Kongowea sijui wanaiuza bei gani, na mshahara bado.