Namba 85

Mpwa wangu wa Arusha kaniandikia jana usiku: "Anko, nimchukue kipa wa akiba wa milioni 4, au niongeze hela niweke anayecheza?" Ni ile fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, mchezo wa kuunda timu yako ya kubuni na kupata pointi kwa wanachofanya wachezaji wa kweli uwanjani, anayoijali kuliko masomo yake (mama yake asisome hapa). Nikaanza kumjibu kitaalamu kabisa. Mistari mitatu hivi, nikaifuta yote. Nilikumbuka Oktoba 2020, mtindi, na mzee wa chumba cha mwisho.

Ni enzi zile za Wisconsin, Marekani, kwenye kile kituo cha wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Corona imepamba moto, ndugu wa wazee wanapunga mkono kupitia dirishani, na sisi wafanyakazi, tusije tukachanganyikiwa, tukaunda ligi ya fantasi ya mpira wa Kimarekani. Watu 10, dola 20 kila mmoja. Mpira wenyewe nilikuwa nimeuelewa juzi tu, ila takwimu ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, mnanijua.

Kwa asiyeufuatilia: taiti endi ni yule bwana mkubwa anayesimama pembeni mwa ukuta wa mbele. Mara anasukumana na watu wa kilo 130, mara anachomoka kwenda kudaka pasi. Wa uhakika ni wachache mno, ukiwakosa unaokoteza. Hapo ndipo unapomtafuta wanayemwita "slipa", mchezaji wa akiba ambaye hakuna anayemtazama, unamchukua raundi ya mwisho ya kuchagua wachezaji ukiomba aamke. Mara ya kwanza kuambiwa "tafuta slipa" nilidhani ni habari za ndala.

Nilifanya kazi ya kutosha, sitaki kujidharau. Green Bay Packers, timu ya Wisconsin, walikuwa wamemwacha taiti endi wao Jimmy Graham mwezi Machi, kwa hiyo nafasi ipo. Anayerusha mipira ni Aaron Rodgers, kwa hiyo mipira mizuri ipo. Ikabaki kujua nani atairithi. Jace Sternberger, namba 87, alichaguliwa raundi ya tatu mwaka 2019, pale timu zinapogawana vijana wanaotoka vyuoni, na timu haitupi raundi ya tatu kwa mtu wa kupamba benchi. Msimu wake wa kwanza aliumaliza karibu wote akiwa majeruhi, lakini Januari 2020 kule San Francisco, kwenye nusu fainali, akadaka tachidauni, yaani bao lao. Waandishi nao wengi walimtaja yeye. Mwenzake Robert Tonyan, namba 85, hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2017, na chuoni alianza kama mrusha mipira kabla ya kugeuzwa mdakaji. Nikachora jedwali nyuma ya fomu ya chakula cha jioni. Safu ya Sternberger ikajaa alama za vyema. Kwamba kambi aliianza akiwa kwenye orodha ya corona nililiona, nikalipa nusu alama.

Nilimsomea mzee jedwali langu nikimvalisha soksi. Huyu mzee alisema alikuwepo Lambeau Field, uwanja wa Packers, tarehe 31 Desemba 1967, mechi ya barafu dhidi ya Dallas, baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, na kwamba vidole vyake vya miguu havikurudi tena nyumbani. (Uwanja ule siku hiyo ulikuwa na watu kama 50,000. Wazee wa Wisconsin walioniambia walikuwepo wangejaza viwili.) Akasikiliza hadi mwisho.

"Huyo wa 87 sijamwona akidaka kitu," akasema. "Wa 85 nilimwona Seattle."

Nilipofika nyumbani nikatafuta. Kweli, Novemba 2018, Rodgers alimrushia Tonyan mpira mrefu, tachidauni ya yadi 54, pasi ya kwanza kabisa kudaka kwenye ligi hiyo. Pasi moja. Nikacheka, nikamchukua Sternberger.

Wiki ya pili Tonyan akafunga. Ya tatu, New Orleans, akafunga tena. Bado alikuwa hana mwenyewe kwenye ligi yetu, nami nilimtazama kwenye simu nikajiambia hiyo ni bahati, itaisha. Aliyemchukua ni dada wa jikoni, Mkongomani wa Uvira, ambaye wiki ya nne timu yake ilikuwa inapambana na yangu. Nikamuuliza ametumia kipimo gani.

"Kaka, 85 ni mwaka yangu ya kuzaliwa."

Jumatatu, tarehe 5 Oktoba. Naongoza kwa pointi 30, wachezaji wangu wote wameshamaliza, na yeye kabakiwa na Tonyan tu dhidi ya Atlanta. Wadakaji wakubwa wawili wa Packers, Davante Adams na Allen Lazard, ni majeruhi, nje. Jambo hilo nililijua tangu asubuhi. Halikuwa na safu kwenye jedwali.

Saa nne kasoro, robo ya tatu. Nimevaa gauni la njano, barakoa, na ngao ya uso imejaa mvuke, namlisha mzee mtindi wa pichi kabla ya dawa za usiku. Kwenye runinga uwanja ni mtupu, unasikia wachezaji wakiitana. Namba 85 keshafunga mara mbili. Kijiko kiko hewani.

"Fungua mdomo, mzee."

"Subiri."

Nikageuka na mimi. Rodgers akaachia. Mikono ya yule jamaa ilipokea mpira kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, na mtindi wote ukaniishia kwenye glovu. Mzee akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi.

Aliyefanya kazi ile mwaka ule anajua kikohozi kilikuwa na sauti gani. Nilisahau mpira. Nikahesabu: kimoja, viwili, vitano. Nikatazama mlango, nikamvika kipimo cha oksijeni kidoleni, mkono wangu una mtindi, namba zinarukaruka, 91, 94, zikatulia 96. Mzee akanitazama kwa muda kupitia ile ngao yangu.

"Sasa jipime na wewe," akasema.

Mipira 6, yadi 98, tachidauni 3. Kwa hesabu ya ligi yetu ni pointi 33.8. Dada akanitumia ujumbe wa sauti, kwanza kicheko, halafu pole, halafu kicheko tena. Tonyan alimaliza msimu na tachidauni 11, sawa na Travis Kelce, taiti endi maarufu wa Kansas City. Sternberger nilimwacha baada ya wiki mbili. Mzee hakufika Januari, kwa hiyo hakuwaona Tampa Bay wakitutoa 31-26 palepale Lambeau. Na mimi hadi leo sijui kama aliona kitu kule Seattle nisichokiona, au naye alikuwa na mwaka wake wa kuzaliwa wa namna nyingine.

Mpwa bado alikuwa ananisubiri. Nikamwandikia: "Huyo kipa anavaa namba ngapi?"

"Anko, uko sawa?"