Historia ya Marehemu

Kaka yangu alifariki usiku wa Alhamisi, Novemba 1992, nyumbani kwetu Muleba, na Ijumaa kabla umande haujakauka kwenye migomba nilikuwa nimeshapangiwa kazi. Wanaume walichimba kaburi kibanjani, karibu na alipolala babu. Wanawake walitandaza nyasi kavu sebuleni na kuinjika masufuria ya ndizi. Mimi nilipewa kalamu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na ukoo mzima ulijua kwamba mwandiko wangu unasomeka hata kwa mwanga wa kibatari.

"Utaandika historia ya marehemu," baba mkubwa aliniambia. "Na utaisoma mwenyewe."

Aliyekaa kwenye msiba wa Kikristo huku kwetu anaijua historia ya marehemu. Husomwa uani, jeneza likiwa mbele ya watu, kabla ya mahubiri. Alizaliwa lini, ni mtoto wa ngapi, alibatizwa usharika gani, alipata kipaimara mwaka gani, alisoma wapi, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto wangapi. Halafu inakuja aya ya ugonjwa, ambayo ndiyo fupi kuliko zote. Halafu "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Sisi tunaoandika vitabu tunayadharau maandishi haya, nami naona tunakosea. Kwa watu wengi ndiyo habari pekee ya maisha yao itakayowahi kuandikwa.

Nilijaza yote mpaka nikafika kwenye aya ya ugonjwa. Nikamfuata baba mkubwa nje, nikamuuliza niandike nini.

"Andika aliugua kifua kwa muda mrefu."

Kifua kilikuwepo, na hilo ndilo lililonisumbua. Kaka alikuwa na kifua kikuu, alichomwa sindano mpaka akashindwa kukalia upande mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwaga kopo la makohozi kila asubuhi. Muda mrefu pia ulikuwa wa kweli, karibu miezi kumi na minne. Ukiichambua sentensi ile neno moja moja, huoni uongo popote. Nikaiandika.

Lazima nieleze mkoa wetu ulivyokuwa miaka ile. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la mashati ya kupendeza yaliyopita kwa magendo kutoka Uganda. Ilipofika 1992 hapakuwa na kilima kisicho na nyumba iliyofungwa, wala kisicho na bibi anayelea wajukuu sita peke yake. Kila mtu alijua na hakuna aliyetaja. Tulisema "ugonjwa huu" au "mambo ya siku hizi", na vijana wa mjini walisema fulani amekanyaga miwaya. Mwaka ule nilisikiliza historia nyingi za marehemu, kwa majirani na kwa ndugu. Watu walikuwa wamekufa kwa kifua, kwa malaria, kwa kuhara, kwa homa kali. Kwa UKIMWI hakufa hata mmoja.

Kaka alifanya biashara ya samaki, akisafiri kwa meli kati ya Bukoba na Mwanza. Alipimwa hukohuko Mwanza, akarudi, akamweleza mkewe. Kwa mwanamume wa wakati ule, na wa kwetu, hilo halikuwa jambo dogo. Wiki mbili kabla hajafa aliniita nije na daftari. Wifi alikuwa mtoni. Alinitajia maneno akisimama kukohoa, akipumzika, akiendelea, nami niliyaandika bila kugusa kitu:

Nilipimwa. Ninajua kinachoniua, ni UKIMWI. Sikurogwa na mtu. Mke wangu hakunitilia kitu, mimi ndiye niliyemletea. Nimemwomba Mungu anisamehe. Na yeye nimemwomba mwenyewe.

"Ya nini?" nilimuuliza.

"Utajua nikishaondoka."

Nilijua siku hiyohiyo ya Ijumaa, kabla ya saa nne. Nikiwa jikoni nilisikia wanawake wa ukoo wakiongea kwa sauti ambayo walitaka isikike. Kwamba mwanamume mwenye nguvu zake hawezi kukauka hivi bila mkono wa mtu. Kwamba huyu mwanamke ametoka Karagwe na hatujui kwao walivyo. Kwamba fedha za samaki ziko wapi. Na kwamba matanga yakiisha arudi kwao, watoto wabaki. Wifi alikuwa chumba cha pili, ukuta wa matope katikati, na watoto wake wawili, mkubwa akiwa na miaka saba.

Hapo ndipo nilipoiona sentensi yangu ilivyo. Aliugua kifua kwa muda mrefu. Haikumtuhumu mtu. Iliacha tu nafasi, na nafasi ile ilikuwa imeshapata wa kuijaza.

Nikaenda kwa bibi. Alikuwa amekaa nyuma ya jiko, akitafuna kahawa yake taratibu.

"Soma nikusikie," akasema.

Nikasoma yote. Akaitikia kwa kichwa kwenye ubatizo, akaitikia kwa kichwa kwenye kipaimara. Nilipofika kwenye kifua akaacha kutafuna.

"Umeandika kama sisi tulivyokuwa tukisema kabla hatujaokoka."

Bibi alikuwa mlokole wa zamani. Uamsho ule ulianzia pande za Gahini, Rwanda, na Uganda, ukaingia kwetu Bukoba na Karagwe, na ndani yake watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama dhambi zao kwa sauti. Walikuita huko kutembea nuruni, kutoka katika Waraka wa Kwanza wa Yohana. Nilikulia kwenye mikutano yao, nikilala mapajani mwa bibi huku wakiimba kwa Kiganda. Lakini kisa alichonisimulia siku ile nilikuwa sijakisikia.

Alisema siku aliyosimama kuungama, alisema, "Ndugu zangu, nimemkosea Mungu kwa mengi." Mzee mmoja akamwambia, "Dada, mengi hayana jina." Akasema, "Nimekuwa na tamaa." Mzee akanyamaza, akamngojea. Mwisho akasema, "Niliiba madebe mawili ya kahawa kwa jirani yangu, yuko pale, amevaa kitenge." Bibi alisema hapo ndipo miguu yake ilipoisha nguvu, na hapo ndipo alipolia. Kahawa aliirudisha mwezi uliofuata, madebe matatu.

Nimesoma mengi juu ya uandishi tangu siku ile, na sijakutana na fundisho lililonifaa kuliko la huyo mzee nisiyemjua.

Nikamwonyesha daftari. Bibi alisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Nilidhani ataniambia nisome yote. Akanirudishia, akasema, "Haya ni maneno yake. Lakini yeye anaondoka kesho. Umemwonyesha mwenye kubaki nayo?"

Sikuwa nimemwonyesha. Na ninaungama kwamba halikunijia hata kidogo. Nilikuwa na kweli mkononi, na nilidhani aliye na kweli mkononi haombi ruhusa.

Wifi alikuwa amelala juu ya nyasi, kanga imefunika uso. Nilimsomea kwa kunong'ona. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Hayo ya kwamba hakurogwa, soma," akasema. "Ya kwamba ni yeye aliyeniletea, soma. Jina la ugonjwa usilitaje. Mkubwa wangu anaanza shule Januari."

Nikabishana naye. Naona aibu kuandika hili, lakini nilibishana na mjane siku moja kabla hajazika. Nilimwambia habari ya nuru na giza, nikamtajia mstari. Nilimwambia kaka mwenyewe alitaka. Akafunua kanga, akanitazama.

"Wifi yangu, wewe utasoma, halafu utakaa. Mimi ndiye nitakayetazamwa."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilitoka nikaandika upya aya ile usiku, karabai ikivuma na wazee wakisimuliana habari za vita vya Amini ili wasilale. Niliacha kifua, kwa kuwa kilikuwepo. Chini yake nikayanakili maneno ya kaka, isipokuwa neno moja.

Sikutaka kumvizia baba. Alikuwa mwinjilisti, na kesho yake angesimama pembeni ya mchungaji mbele ya usharika wake mzima. Alfajiri nilimpelekea karatasi. Alisimama dirishani, akasoma, akarudia kusoma. Akaikunja, akanirudishia, akaanza kuondoka. Mlangoni akageuka.

"Soma taratibu," akasema. "Wazee wengine hawasikii vizuri."

Jumamosi saa saba nilisoma. Watu walikuwa wamejaa mpaka ndani ya migomba. Mwanzoni niliposema alizaliwa na kubatizwa, walikuwa wakisogeza viti na kubembeleza watoto. Niliposema, "Haya yanayofuata ni maneno yake mwenyewe, alinitajia nikaandika," uani pakatulia. Nilisoma Nilipimwa. Nilisoma Ninajua kinachoniua, nikaweka nukta pale ambapo yeye hakuweka. Niliposoma Sikurogwa na mtu, mtu mmoja upande wa wanaume akaguna. Niliposoma kwamba mkewe hakumtilia kitu, nilitaka kuwatazama wale wanawake wa jikoni, nikajizuia, maana nilijua ninachokitaka si kweli tena bali ni kuwashinda. Nikamtazama wifi. Alikuwa ametazama jeneza.

Mchungaji alihubiri alichokuwa amekiandaa. Tukazika.

Hakuna aliyenijia kunipongeza, na nisingependa msomaji adhani kwamba kijiji kiligeuka siku ile. Baba mkubwa hakula chakula cha msiba. Baba mdogo mmoja hakuitika salamu yangu mpaka mwaka 1995. Lakini siku ya kumaliza matanga, walipokaa kugawa mambo, suala la wifi kurudishwa Karagwe halikuinuliwa na mtu. Lilikuwa limeondolewa mahali pa kusimama. Na jioni ya mazishi, giza lilipoanza kuingia, mama mmoja kutoka ng'ambo ya bonde alinivuta nyuma ya nyumba, akaniuliza kaka alipimiwa wapi huko Mwanza. Nilipomwelekeza akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Hakusema ni kwa ajili ya nani.

Tangu wakati ule nimeandikia kanisa zaidi ya miaka thelathini, masomo ya vipindi vya wanawake, vijitabu, shuhuda. Shuhuda ndizo ninazogombana nazo. Zimekuwa na njia moja: mtu aliumwa, aliombewa, leo ni mzima. Wale walioombewa kwa machozi yaleyale wakafa hawapati ukurasa. Mara mbili nimeombwa nibadilishe mwisho ili usiwakatishe watu tamaa, na mara mbili nimeondoa maandishi yangu. Nisingeweza kufanya vingine. Ayubu alimlalamikia Mungu sura kwa sura, rafiki zake wakamtetea Mungu kwa maneno mazuri, na mwishoni Mungu mwenyewe anawaambia wale rafiki kwamba hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Mwandishi Mkristo anayeogopa kwamba kweli itamwaibisha Mungu aisome sura ya arobaini na mbili polepole.

Lakini neno lile moja nililoliruka lilibaki nami. Sikujuta kuliruka, kwa sababu lilikuwa la wifi na si langu. Hata hivyo kila nilipoandika "ugonjwa" mahali palipohitaji jina, nilimsikia yule mzee akimwambia bibi kwamba mengi hayana jina.

Wifi aliugua mwishoni mwa 1995. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na sisi hatukuwa na miaka minane ya kungoja. Februari 1996 aliniita. Alikuwa amelala kitanda kilekile, akiwa amefunikwa blanketi mchana wa jua. Mkubwa wake alikuwa mlangoni na madaftari ya shule, akifanya hesabu.

"Leta kalamu," akasema. "Yangu nataka niisikie mwenyewe."

Tukaanza. Kuzaliwa, wazazi, shule ya msingi huko Karagwe, ndoa, watoto. Tulipofika kwenye aya ya ugonjwa nikasimama, nikamtazama.

"Andika jina lake," akasema.

"Jina la nani?"

"La ugonjwa."

Nikageuka kumtazama mtoto mlangoni. Alikuwa ameacha kuandika.

"Anajua," wifi akasema. "Nilimwambia jana."

Nikaandika zile herufi sita kubwa. Akaniomba nimsomee yote tangu mwanzo, nikamsomea taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho macho yamefumbwa, kisha akasema nimesahau mwaka aliopata kipaimara.