Jinsi nilivyorudisha kurasa zilizochomoka za Spring Fire

Nakala yangu ya Spring Fire, riwaya ya Vin Packer iliyotolewa na kampuni ya vitabu ya Gold Medal mwaka 1952, ilinifikia ikiwa imepasuka mgongo, kurasa za katikati zikidondoka kila nikiifungua. Riwaya za aina yake, za mapenzi baina ya wanawake, ziliuzwa Marekani kwa senti 25, hata kwenye maduka ya dawa. Hazikushonwa, zilipakwa gundi tu. Gundi ile hukauka ikavunjika kama ganda la yai, na karatasi yenye asidi hugeuka kahawia.

Kwangu ni hazina. Mchapishaji alidai mwisho wa huzuni ili posta isizuie vitabu kwa kuona vinasifu mapenzi hayo, lakini wanawake walikisoma na kumwandikia mwandishi barua kwa wingi. Kitabu cha namna hiyo hakistahili kuozea kwenye boksi.

Selotepu sikuigusa, maana huacha doa la manjano lisilotoka. Nilinunua gundi ya PVA isiyo na asidi. Nikakwangua mabaki ya gundi kuukuu kwa kisu butu, taratibu, kisha kwa brashi nyembamba nikapaka ukingo wa ndani wa kila ukurasa, milimita moja hivi, isizidi, na kuusukuma hadi uguse mgongo. Karatasi ya nta huku na huku, vitabu vizito juu, mpaka kesho yake.

Kurasa zimeshika barabara. Sasa kinakaa wima ndani ya mfuko wa plastiki angavu wa Mylar, mbali na jua, na nikisoma sikilazi wazi kabisa. Ukitaka kujaribu, anza na nakala ya bei rahisi. Iliyo adimu mpelekee fundi.